Columbo haina damu lakini inaumiza: zipi za kuruka ukiwa na watoto?

#1 Mama Zuhura
Wakuu salaam. Nimeanza kuangalia Columbo, ile tamthilia ya zamani ya upelelezi ya televisheni ya Marekani, na wanangu, mkubwa ana miaka 12, mdogo 9. Nilimchagua luteni huyu wa Los Angeles kwa sababu hatembei na bastola, hapigani, na damu karibu haionekani. Jumamosi tukaweka Etude in Black ya 1972, ile ya kondakta wa okestra. John Cassavetes, ndiye kondakta, anampiga hawara yake kwa nyuma, kisha anamlaza jikoni na kufungulia gesi. Barua ya kuaga anaipiga chapa yeye mwenyewe ili watu waseme binti kajiua. Gesi inaua mpaka kasuku mweupe wa yule binti.

Mkubwa alinyamaza. Mdogo akaniuliza mtu anajiuaje kwa jiko.

Siku hizi vipindi vya zamani vinawekewa onyo mwanzoni. Mimi naona Columbo inastahili onyo kuliko hizi za risasi na mapanga, kwa sababu mzazi anaingia bila tahadhari yoyote. Mnasemaje? Na zipi niziruke?

#2 Kipanga wa Tanga
Ruka ya mbwa wawili, ya 1978. Maelezo nitaleta usiku nikitoka kazini.

#3 Fundi Redio
Mama Zuhura pole, ila hilo la onyo siafiki. Columbo imepangwa kinyume na hadithi nyingi za upelelezi. Muuaji unamwona mwanzoni, mauaji yanapita mapema, na muda wote uliobaki ni watu wawili wanaongea. Anayechungulia dakika za mwanzo atajua mwenyewe kama anaendelea au anazima. Tena hii imeanza 1971 pale NBC, enzi ambazo televisheni ya Marekani ilibanwa kweli. Ile "saa ya familia", kanuni ya vipindi vya mapema jioni kufaa familia nzima, iliwafunga mikono.

#4 Mzee wa Maktaba
Fundi, tuweke kumbukumbu sawa. Peter Falk alimcheza Columbo kwa mara ya kwanza tarehe 20 Februari 1968, kwenye filamu ya televisheni Prescription: Murder. Ya pili ikaja Machi 1971, na mfululizo wenyewe ukaanza Septemba mwaka huo kwa ile ya waandishi wawili, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Saa ya familia ilianza Septemba 1975, na jaji wa shirikisho akaitengua Novemba 1976. Kwa hiyo nyingi tunazozipenda zilikuwa zimesharushwa kabla haijazaliwa.

Mama Zuhura, ile ya 1968 itazame peke yako kwanza. Daktari wa akili anamkaba mkewe, na hilo ni zito, lakini linalonikera mimi ni Columbo mwenyewe. Anambana Joan, yule hawara wa daktari, anamfokea na kumwambia ataendelea kumwandama mpaka avunjike. Binti anatetemeka. Huyu siyo yule mzee mpole wa miaka ya mbele, na mtoto aliyeshampenda atashtuka.

#5 Nesi wa Zamu
Mimi ya Leonard Nimoy (1973) siiwezi. Yeye ni Dk. Mayfield, mpasuaji wa moyo. Anambadilishia daktari mwenzake valvu, kisha anashona kwa uzi unaoyeyuka badala ya wa kudumu, ili baada ya siku chache moyo ufeli na utafiti wao ubaki wake peke yake. Nesi Sharon anashika kipande cha uzi, anakisugua kwa vidole, anahisi si chenyewe. Waliowahi kukaa chumba cha upasuaji wanajua: vifaa tunavifahamu kwa mkono kabla ya jicho. Kwa kile kidole tu, anauawa kwenye maegesho ya hospitali.

Nilifanya kazi mahali ambapo taa za maegesho zilikufa na hakuna aliyejali kuzibadilisha. Tulikuwa tunasindikizana mpaka getini. Kile kipande kinanirudisha pale.

Halafu kuna Harry, rafiki wa Sharon, aliyerudi Vietnam na uraibu wa dawa za kulevya akajitoa. Daktari anamchoma dawa kwa nguvu ili ionekane kaanza tena. Damu hakuna, lakini nilizima.

#6 Kijana wa Mwanjelwa
Hiyo ndiyo Columbo anapiga jagi mezani kwa hasira, siyo? Sehemu chache sana anakasirika kweli.

#7 Nesi wa Zamu
Ndiyo hiyo. Daktari anamcheka, naye anapiga jagi mezani. Nilifurahi mtu mmoja humo ndani kukasirika.

#8 Bint Pemba
Assalaam alaykum jamani. Mimi nataka kuongelea ile ya Johnny Cash, Swan Song, 1974, kwa sababu inapendwa na watu wote na mimi inanitesa.

Cash ni Tommy Brown, mwimbaji wa nyimbo za dini. Mkewe Edna (Ida Lupino) anachukua mapato yote ya kwaya kwa ajili ya hekalu analotaka kujenga. Kwa nini Tommy hathubutu kukataa? Kwa sababu alilala na Maryann, binti wa kwaya, akiwa na miaka 16, na Edna anamtishia polisi. Basi Tommy anatia dawa kwenye chupa ya kahawa, anarusha ndege ndogo usiku, wanawake wote wawili wanalala, yeye anaruka na parachuti aliyoishona mwenyewe na kuwaacha waanguke nayo.

Sasa tazameni tunavyoongozwa. Edna ni mke mkali, Tommy ni mtu wa watu, anacheka, anapiga gitaa, tunaambiwa dhamiri inamsuta. Mwisho Columbo anamwambia maneno ya kumfariji kuhusu uimbaji wake. Na Maryann? Huyu alikuwa bado mtoto wakati mtu mzima alipomtumia, kisha akauawa na mtu huyohuyo. Baada ya ndege kuanguka hakuna anayemlilia. Kesi nzima inaendeshwa kana kwamba aliyekufa ni Edna peke yake.

Nimekulia karibu na madrasa ambapo kulikuwa na jambo la namna hiyo, na wakubwa walizungumza miaka mingi juu ya sifa ya mwalimu. Jina la binti halikutajwa. Kwa hiyo onyo likiwekwa, mimi nataka liseme hilo wazi, sio "mandhari ya vurugu".

#9 Fundi Redio
Bint Pemba, nimekuelewa, na la Maryann nimelisoma mara mbili. Lakini kwa maoni yangu tamthilia inajua inachofanya. Tommy anakiri kwamba angeishia kusema ukweli mwenyewe. Kumpenda muuaji ndiko kunakoumiza: umeimba naye, umecheka naye, halafu unakumbuka wanawake wawili walilala kwenye ndege. Hapo waandishi wamekufanyia kazi. Onyo lingeiondoa kazi hiyo.

#10 Bint Pemba
Wewe umekumbuka wawili kwa sababu nimekukumbusha. Uliza watu kumi wanaoipenda, waulize jina la binti.

#11 Kijana wa Mwanjelwa
Nimeipenda toka zamani, na jina la Edna nalijua, la Maryann nimelisikia humu leo. Bint Pemba ana hoja nzito.

#12 Kipanga wa Tanga
Nimerudi. Ya mbwa ni How to Dial a Murder. Dk. Mason, mtaalamu wa saikolojia, amewafundisha doberman wake wawili, Laurel na Hardy, waue wakisikia neno fulani. Yeye yuko kwa daktari, waya za kupima moyo zimebandikwa kifuani. Anapiga simu nyumbani, rafiki yake anapokea, anazungushwa kwa maongezi mpaka analitamka lile neno kwa kinywa chake. Mbwa hatuwaoni wakiuma sana, sauti ndiyo inafanya kazi, huku Mason ameshika simu anasikiliza. Mashine ya moyo inaandika.

Mimi nafuga mbwa. Kilichoniuma ni baada ya hapo: mbwa wamewekwa kizuizini wasubiri kuuawa kwa kosa walilofundishwa, na Mason anajaribu kuwapa sumu. Binti yangu alilia kwa ajili ya mbwa kuliko kwa marehemu. Nilimwambia avumilie, mwisho ni mzuri: Mason anawaamuru wamrukie Columbo, nao wanamlamba uso, maana luteni alishafanya mpango na mkufunzi neno libadilishwe maana.

#13 Mama Zuhura
Asante Kipanga. Basi hiyo tutaiangalia, nikiwa nimewaambia mwisho mapema.

#14 Sikio Moja
Salaam. Mimi navaa kifaa cha kusikia tangu shule ya msingi, na nimesubiri mtu ataje ile ya sataranji. The Most Dangerous Match, Machi 1973. Laurence Harvey ni bingwa Clayton, hasikii bila kifaa. Anamsukuma mpinzani wake, mzee Dudek wa Urusi, kwenye mashine ya kusagia taka. Mzee hafi palepale. Ile mashine hujizima yenyewe mtu au kitu kisichofaa kikiingia. Mtu anayesikia angejua imesimama, angeiwasha tena. Clayton hakujua. Ndio ushahidi wa Columbo: muuaji lazima awe kiziwi.

Ndugu zangu wote wanaisifu kwa ujanja. Mimi niliikalia kimya. Clayton ana kiburi, ana jinamizi, hana rafiki, na mwisho wake tunamwona amezungukwa na makelele ya mtambo asiyoyasikia, watu wanamtazama. Nakijua kile kitendo cha watu kukutazama ukiwa wewe pekee hujasikia kitu. Kilinitokea kazini, bosi akacheka mbele za watu. Sehemu ya mashine ya taka haikunitisha hata kidogo.

#15 Mzee wa Maktaba
Sikio Moja, shukrani kwa hili. Niongeze kwamba Harvey mwenyewe alikuwa mgonjwa wa saratani na alifariki Novemba mwaka uleule, akiwa na miaka 45. Ukijua hivyo ule wembamba wake unautazama kwa jicho jingine.

#16 Fundi Redio
Nami nimejiuliza kama Falk alilionaje. Yeye mwenyewe alipoteza jicho la kulia akiwa na miaka 3 kwa saratani ya jicho, akaishi na jicho la bandia. Yule luteni anayeinamisha kichwa na kukodoa ni mtu aliyejua kutazamwa.

#17 Sikio Moja
Hilo la jicho nalijua, na ndiyo maana nampenda. Halibadilishi mwisho wa Clayton.

#18 Otis wa Nakuru
Wakuu mnaongea Columbo, sisi tulilelewa na Derrick, yule inspekta wa Kijerumani, pale KBC. Yeye na msaidizi wake Harry Klein, koti refu, gari la BMW, huzuni tupu Jumatatu hadi Jumapili. Hiyo nayo ilikuwa na mambo: wasichana wa mjini, heroini, wazazi matajiri wasiojali. Mamangu alikuwa anaipenda kwa sababu inspekta hapazi sauti.

#19 Niko Bavaria
Otis, umenigusa. Naishi huku München walikoipigia picha. Derrick ilirushwa na televisheni ya ZDF ya Ujerumani kuanzia 1974 hadi 1998, vipindi 281, ikauzwa nchi zaidi ya 100. Lakini mwaka 2013 ilibainika kwamba Horst Tappert, aliyemcheza Derrick, alikuwa Waffen-SS, kikosi cha kijeshi cha Wanazi, wakati wa vita na hakuwahi kulisema waziwazi. Alishafariki 2008. ZDF ikatangaza haitairudia tena. Kwa hiyo kuna onyo la kuweka mwanzoni, na kuna kuondoa kabisa. Huku jirani yangu mzee bado anaziangalia kwenye diski zake, na mwingine kazitupa.

#20 Mzee wa Maktaba
Na tusimsahau mwandishi. Herbert Reinecker aliandika vipindi vyote 281 peke yake, na yeye historia yake ya kuwa mwandishi wa vita wa Waffen-SS ilijulikana zamani. Hilo halikuzuia kipindi kurushwa miaka 24. La Tappert liliuma zaidi kwa sababu uso ndio tunaoukaribisha sebuleni.

Columbo nayo imegusa jambo hilohilo, kwa upande mwingine. Ile ya mwanamazingaombwe, Now You See Him, 1976: Jack Cassidy ni Santini mkuu, mtu wa heshima Los Angeles, na siri yake ni kwamba alikuwa SS. Mwenye klabu anamtoza pesa ili anyamaze, Santini anamuua.

#21 Otis wa Nakuru
Sasa mmeniharibia utoto. Lakini asanteni kwa ukweli. Mama sitamwambia.

#22 Niko Bavaria
Mwambie. Wazee wanaweza kubeba ukweli kuliko tunavyodhani.

#23 Bint Pemba
Turudi kwenye mada kabla uzi haujahamia Ujerumani. Nimekaa nikaziorodhesha zinazoniuma, nikaona karibu zote zina mauaji ya pili. Ya kwanza huwa ya matajiri kwa matajiri: mke, mshirika, mjomba mwenye picha za thamani. Ya pili ni mtu mdogo aliyeona au aliyeamini. Yule Lilly La Sanka mwenye duka kule ziwani, kwenye ile ya Spielberg: mwanamke mpweke, amevaa vizuri kwa chakula cha jioni, anadhani pesa na mapenzi vinakuja pamoja, anapigwa chupa ya shampeni. Tracy, mwanafunzi wa sanaa, anapigwa jiwe na mtu aliyemwahidi maisha. Harry wa Nesi. Nadia, yule anayepumbazwa akili na daktari kwa simu mpaka anaruka kutoka ghorofani akidhani anaingia kwenye bwawa la kuogelea. Hawa hawapati mazishi kwenye hadithi. Wanapata kuwa kidokezo.

#24 Nesi wa Zamu
Bint Pemba, hapo nakubali nusu. Kwangu la Nadia ni lile la daktari. Mgonjwa amempa ufunguo wa kichwa chake. Nimoy vilevile. Mtu akiuawa na mwizi unaogopa usiku; akiuawa na aliyemkabidhi mwili wake, unaogopa hata mchana. Hao wa Nadia na Sharon ningewaweka kundi moja, tajiri au maskini.

#25 Kipanga wa Tanga
Mimi naleta la tatu: ni pumzi. Kwenye zile mbili zinazonikosesha usingizi hakuna pigo la kuua. Ya kwanza ni ya mvinyo, 1973, Donald Pleasence. Anampiga mdogo wake wa baba mmoja, anamfunga kamba kwenye ghala la mvinyo, anazima mitambo ya hewa, anapanda ndege kwenda New York kununua chupa za mnada. Kijana anakufa taratibu huku kaka anazabuni. Uchunguzi wa maiti unaonyesha hakula siku mbili. Ya pili ni ya bibi mwandishi, Ruth Gordon, 1977, anamfungia mume wa mpwa wake kwenye sefu la kuingia mtu. Asubuhi wanamkuta. Amekwangua rangi kwenye masanduku, amewasha njiti za kiberiti, amehangaika kuacha ujumbe gizani. Hatuonyeshwi anavyohangaika, na kichwa changu kimeyaonyesha yote.

#26 Fundi Redio
Ndiyo mnaona? Kila mtu ana lake: Nesi uzi, Kipanga hewa, Sikio Moja kelele za mtambo, Bint Pemba jina. Onyo gani litaandikwa likawatosha? Litajaza skrini nzima.

#27 Bint Pemba
Lijaze. Dawa ina karatasi ndefu ndani ya boksi na hakuna aliyekufa kwa kuisoma.

#28 Kijana wa Mwanjelwa
Kipanga, kwenye ya bibi: yule kijana Edmund alimuua kweli mke wake? Maana mimi naona bibi alikuwa na haki.

#29 Kipanga wa Tanga
Haithibitishwi popote. Mke alipotea baharini, bibi kaamini mume ndiye. Ndipo ninapokosa raha. Inawezekana tulimshangilia bibi akimfungia mtu asiye na hatia.

#30 Nesi wa Zamu
Alimuua. Angalia asivyo na huzuni mwanzoni.

#31 Kipanga wa Tanga
Kukosa machozi si ushahidi, nesi. Wewe umeona wafiwa wangapi wakavu?

#32 Mlezi wa Morogoro
Samahani nimechelewa. Hakuna aliyetaja Forgotten Lady, Septemba 1975, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Janet Leigh ni Grace, mwigizaji aliyewahi kung'ara, anataka kurudi jukwaani. Mumewe, daktari mstaafu, anakataa kutoa pesa. Anamuua, anaipanga ionekane kajiua. Tunavyoendelea Columbo anagundua Grace ana ugonjwa kwenye ubongo, kumbukumbu inaliwa, hajabakiza maisha marefu, na mume alijua. Alikataa kwa sababu jukwaa lingemmaliza. Mwisho Grace anatazama filamu yake ya zamani sebuleni na hakumbuki kwamba aliua. Rafiki yake wa zamani anakiri yeye ili Grace aachwe kwa amani, na Columbo anamkubalia.

Namuuguza mama yangu anayesahau. Kuna wiki alimtafuta baba nyumba nzima, na baba ni marehemu zamani. Ukimwambia, anafiwa upya. Usipomwambia, anaendelea kumtafuta kabatini. Kwa hiyo pale luteni anapoamua kunyamaza, mimi nilisimamisha picha nikaenda kukaa nje. Wengine wanaiona ni huruma. Sijui kama sheria inaruhusu, ila najua ninachofanya kwangu kila siku.

Onyo? Ningelitaka. Ningeiangalia hata hivyo, ila nisingeiangalia mama akiwa amekaa pembeni.

#33 Mama Zuhura
Mlezi, pole sana. Hapo kwenye kukaa pembeni ndipo nilipokuwa natafuta maneno.

#34 Fundi Redio
Mlezi, pole. Kwa mtu wa hali yako naafiki mtu aambiwe mapema. Bado nasema asiambiwe kila mtu.

#35 Bint Pemba
Fundi, na huyo wa hali yake atajulikanaje kabla kipindi hakijaanza?

#36 Otis wa Nakuru
Je, zile Columbo za baadaye, za kituo cha ABC kuanzia 1989? Nilisikia kuna moja bibi harusi anatekwa.

#37 Mzee wa Maktaba
Ipo, No Time to Die, 1992. Imetokana na riwaya ya Ed McBain, siyo mtindo wa Columbo kabisa: hakuna muuaji wa kuonyeshwa mwanzoni, binti anachukuliwa hotelini usiku wa harusi, na mwendawazimu anamshikilia na kisu. Kwa mtoto wa miaka 9 hapana. Kwa wa miaka 12, kaa naye. Zote kwa jumla ni 69, ya mwisho ikarushwa Januari 2003, kwa hiyo za kuchagua bado ni nyingi.

#38 Kijana wa Mwanjelwa
Nesi hajamjibu Kipanga kuhusu Edmund.

#39 Nesi wa Zamu
Nimeona wakavu wengi, nakubali. Edmund simwamini hata hivyo. Nikitoka zamu naiangalia tena dakika za mwanzo, nitaleta sababu.